Video Zisizo na Majina: Tuzitambue Wazee Wangali Hai

Katika nyumba nyingi za Waislamu zimo hazina za video kwenye memori kadi, sidii na kompyuta kuukuu: nikaha, watoto wakianza kutembea, na sauti za wazee waliokwisha tangulia mbele ya haki. Lakini mafaili hayo yana majina yaliyotolewa na mashine, mfano wa MVI_0012. Nafasi inapohitajika, hufutwa bila ya kufunguliwa. Na kilichofutwa aghalabu hakirudi.

Majina hayo yana maana yake. MVI ni alama ya kamera za Canon. Tarakimu zinazofuata ni hesabu tu, nayo ikifika 9999 huanza upya. Hivyo mafaili mawili yenye jina moja yaweza kuwa video mbili tofauti. Wakati wa kunakili, usiruhusu moja lifute jingine. VTS_01_1.VOB hutoka katika DVD, na kwa kuwa kipande hakizidi gigabaiti 1, harusi moja hugawanyika vipande kadhaa. Hivyo viache pamoja kama vilivyo, uandike jina kwenye folda.

VID_20140812_161530 ni la simu: tarehe 12 Agosti 2014, saa 10:15 alasiri, ikiwa saa ya simu ilikuwa sahihi. Ama VID-20140812-WA0003 limepitia WhatsApp, na tarehe hiyo si lazima iwe ya kurekodiwa.

Kabla ya kubadilisha chochote, nakili mafaili yote mahali pawili, na nakala moja ikae nyumba nyingine. Kisha yafungue kwa programu ya VLC, ambayo husoma hata 3GP za simu za zamani. Anza jina kwa mwaka: 2014-08-12_Nikaha_Tanga, wala usiguse herufi zilizo baada ya nukta ya mwisho.

Waliomo ndani hawatambuliwi na kompyuta. Keti na bibi au babu, mtazame pamoja, na uandike daftarini majina na udugu wao. Akiondoka yeye, hapana wa kuulizwa.

Tena, video za hafla za akina mama ni amana. Zipangwe na wanawake wa nyumba wenyewe. Zisirushwe katika makundi ya simu, wala memori kadi isiachwe kwa fundi zikiwamo.