Kisa cha kufeli darasa la saba

Kikundi cha VICOBA kinatafuta mweka hazina. Wanamtaja mama lishe anayeaminika na wote, naye anaruka: “Jamani, mimi nilifeli la saba, hesabu hapana.” Mama huyuhuyu anajua kichwani nani kala wali maharage kwa mkopo, nani kapunguza deni, na kesho anunue mchele kilo ngapi.

Washauri nasaha tunakutana na watu wa namna hii mara kwa mara. Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand, waasisi wa tiba ya masimulizi, walieleza katika kitabu chao cha 1990 kwamba maisha ya mtu yana matukio mengi kuliko yanayoingia kwenye kisa anachojisimulia. Kisa kikishaota mizizi, kinachagua. Kinachokiunga mkono hukumbukwa. Kinachokipinga huitwa bahati. Mwenyewe haombi kazi wala hagombei uongozi.

Sasa tuukague huo “ufeli”. Kilichotokea ni kwamba mama huyu alifanya mtihani na jina lake halikutoka. Kabla ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) ulioanza 2004 na kueneza shule za kata, nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, na watoto wengi waliofaulu waliachwa nje kwa kukosa pa kukaa. Mtoto hakuelezwa hayo. Alichosikia nyumbani, kisimani na dukani ni kwamba fulani kafeli, basi. Uhaba wa madarasa ya nchi nzima ukageuka kuwa upungufu wa akili yake.

Kukiacha kisa hiki hakuna maana ya kusahau. Wala sipendi tunavyowahi kumwambia mtu “yaliyopita si ndwele” kabla hajamaliza kusema. Huko ni kumfunga mdomo. Tiba ya masimulizi humfundisha mtu kulitazama tatizo kama kitu kilicho nje yake. Ajiulize: woga huu wa hesabu ulinianza lini? Umeninyima nini? Lini niliushinda? Swali la tatu ndilo lenye kazi, na lijibiwe kwa tukio lenye siku na mahali. Kujisifu tu kwamba “mimi hodari” hakudumu hata wiki. Kisha jibu hilo alitamke mbele ya watu anaowaheshimu. White alitilia mkazo mashahidi, na naona alikuwa sahihi: kisa kilichopandwa hadharani haking'oki chumbani.

Visa vya ukatili au kubakwa ni jambo jingine. Huko usijichimbue peke yako. Muone mtaalamu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako.

Na wazazi na walimu, matokeo ya darasa la saba yakitoka, mwambieni mtoto alama alizopata na somo lililomkwamisha. Msimpachike jina.