Kemia ya Obundu

Tarehe 5 Septemba 2017 palikuwa na mazishi wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda. Baada ya mazishi hayo, watu 33 walilazwa katika Hospitali ya Bwera wakitapika, wakiharisha na kuumwa tumbo. Wachunguzi wa Wizara ya Afya walipofunga daftari lao, wagonjwa walikuwa wamefika 98, na wawili kati yao walikuwa wamefariki. Chanzo kilikuwa unga wa muhogo uliosongwa kwa maji ya moto. Unga huo ulifuatiliwa hadi kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla, na maabara ikaukuta na sayanidi kwa wastani wa sehemu 88 katika kila milioni. Kiwango cha juu kinachokubalika kimataifa ni 10.

Unga wa muhogo ukisongwa, Wakonzo, wenyeji wa huko, wanauita obundu. Hicho ndicho chakula cha Bwera, cha soko la Mpondwe, na cha Kasindi ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo. Kwa hiyo swali la maana ni hili: imekuwaje vizazi vya watu wa mpakani wale muhogo, wautamani na wawapikie wageni wao, bila kudhurika? Jibu liko kwenye maji, kwenye kinu na kwenye kitoweo.

Muhogo ni mgeni aliyelowea. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio walioufikisha pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16. Ulikuja na silaha zake. Ndani ya seli umehifadhi kemikali iitwayo linamarini, ambayo peke yake imetulia. Kwenye kuta za seli kuna kimeng'enya cha kuivunja. Viwili hivi hukaa mbalimbali kama njiti na kiberiti, mpaka mdudu au panya atafune mzizi na kuvikutanisha. Hapo linamarini huvunjika na mwisho wake hutoa gesi ya sayanidi, nayo humfukuza au kumuua mshambuliaji.

Mpishi hutumia silaha hiyohiyo, ila yeye huifyatua mapema, kabla chakula hakijafika mdomoni. Sayanidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu za Selsiasi, joto ambalo mchana wa Kasese hulizidi bila shida. Kazi yote ya mpishi basi ni mbili: kukutanisha linamarini na kimeng'enya chake, kisha kuiacha gesi iende zake.

Kuvundika muhogo majini kwa siku tatu hivi hufanya yote mawili. Bakteria hulainisha mzizi, kuta za seli hulegea, linamarini huvunjwa, na sehemu kubwa ya sumu huishia majini na hewani. Bakteria hao huacha asidi, na ndiyo inayoupa unga ule uchachu mwepesi ambao mlaji wa obundu huujua kwa pua kabla ya ulimi. Aliyeukatakata muhogo mchungu, ule wenye sumu nyingi, na kuuanika moja kwa moja juani amepata unga mweupe haraka, lakini vipande hukauka kabla kimeng'enya hakijamaliza kazi. Linamarini hubaki. Na kusonga hakuuokoi unga wa namna hiyo, kwa sababu maji yanayochemka huua kimeng'enya na kuiacha linamarini ikiwa nzima. Itakwenda kuvunjwa tumboni, na bakteria wa huko.

Sombe, yaani kisamvu, hudai kazi zaidi, maana majani ya muhogo kwa kawaida yana sumu nyingi kuliko mizizi. Lakini yakikauka, karibu robo ya uzito wake huwa protini, na mboga za majani zenye utajiri huo ni chache. Mchi unapoyaponda, seli hupasuka na kemia huanza palepale kinuni. Mashine ya kusagia sombe sokoni hufanya kazi ileile. Kisha majani huchemshwa muda mrefu, mwanzoni bila mfuniko ili mvuke uondoke na gesi yake. Ndipo huingia vitunguu, karanga na mawese kutoka Kongo. Rangi nyekundu ya mawese ni ya karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na mafuta yenyewe husaidia kuifyonza.

Hata kitoweo kina kazi yake. Mwili hujikinga na mabaki madogo ya sayanidi kwa kuyaunganisha na salfa na kuyatoa kwa njia ya mkojo. Salfa hiyo hutoka kwenye protini: ngege wa Ziwa Edward na Ziwa George, maharage, nyama. Wilayani Kasese samaki hawako mbali, kwani Katwe na Kayanzi ni miongoni mwa mialo yake. Mahali ambapo njaa imewalazimisha watu kula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, tena bila kitoweo cha maana, wamewahi kupooza miguu bila kupona. Hayo yalitokea Mtwara, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Shamba nalo lina neno. Muhogo uliopigwa na ukame hukusanya sumu zaidi, na bonde la Kasese ni kame kuliko miteremko ya Rwenzori inayolima kahawa. Katika nchi nyingi za Afrika mkulima hupanda muhogo mtamu karibu na nyumba, na mchungu shamba la mbali, ambako uchungu wenyewe ndio mlinzi dhidi ya wanyama na wezi. Mwenye bustani anajua shina lipi ni lipi na mvua ilikatika lini. Akiongeza dodo, yaani mchicha, na mistari miwili ya maharage, sahani yake imekamilika bila kwenda sokoni.

Asiye na bustani, au anayekula hotelini Mpondwe, ananunua subira ya mtu mwingine asiyemwona. Kwa unga wenye shaka ipo njia iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia: loanisha unga, utandaze tabaka lisilozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au tano kivulini, kisha usonge siku hiyohiyo. Kimeng'enya kilichobaki huamka na maji, na sayanidi hushuka hadi theluthi au chini yake.

Mwaka 2017 polisi waliutwaa unga ule wenye sumu kutoka kwa wauzaji wa rejareja baada ya watu kuugua. Sokoni unga uliovundikwa na ule wa haraka huweza kulala gunia kwa gunia, wote mweupe, mmoja ukiwa umegharimu siku tatu na maji mengi. Mnunuzi akiulipia wote bei ileile, anamwambia muuzaji kwamba siku hizo tatu hazina thamani. Akiuliza muhogo ulilala majini siku ngapi, na akakubali kuongeza shilingi kwa jibu la kweli, atapata obundu wenye uchachu wake, na muuzaji atapata sababu ya kuvundika tena wiki ijayo.