Istilahi za Hifadhi ya Mazingira katika Mafunzo ya Kujiendeleza ya Wahandisi

Mfasiri mmoja aliyepewa kazi ya kutafsiri mtaala wa semina ya wahandisi alituletea barua yenye swali moja tu. Katika ukurasa wa kwanza wa mtaala huo wahandisi walialikwa kwenye jambo ambalo yeye alilitafsiri "mafunzo endelevu". Katika ukurasa wa tatu waliahidiwa kufundishwa "uhandisi endelevu". Mhariri wake alimwuliza kama "endelevu" hizo mbili ni neno moja. Mfasiri akajibu kuwa si moja, ila hakuwa na neno la pili. Ndipo akatuuliza sisi.

Swali hili laweza kuonekana dogo, lakini lina mizizi mirefu. Uhandisi ni taaluma inayozeeka upesi mikononi mwa mwenye nayo. Mhandisi aliyehitimu mwaka 2000, ambaye leo yamkini ndiye msimamizi wa miradi mikubwa, aliondoka chuoni miaka minne kabla ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya 2004, na miaka mitano kabla ya Kanuni za Tathmini ya Athari kwa Mazingira na Ukaguzi za 2005. Sheria iliyomtaka achunguze mradi wake utaufanyia nini mto, udongo na watu kabla hajaweka jiwe la kwanza haikuwamo katika vitabu alivyosomea. Ndiyo maana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 15 ya 1997, haikuishia kumsajili mhandisi na kumwacha. Mhandisi mtaalamu hutarajiwa kurudi darasani mara kwa mara maisha yake yote ya kazi, na hifadhi ya mazingira ni miongoni mwa mambo anayorudi kujifunza.

Basi darasa hilo liitweje? Kiambishi tamati -vu katika Kiswahili huonyesha sifa iliyomkaa mtu au kitu: mtoto msikivu ni yule mwenye tabia ya kusikia, na bahari tulivu ni ile iliyotulia. Kwa kanuni hiyo "endelevu" ni chochote chenye sifa ya kuendelea, na mafunzo yasiyokoma yana haki kamili ya kuitwa hivyo. Walimu wetu wamekwisha kuyaita hivyo: Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini hujulikana shuleni kwa kifupi MEWAKA. Lakini tangu Mkutano wa Rio wa 1992 neno hilo hilo limebebeshwa mzigo mwingine. "Maendeleo endelevu" si maendeleo yasiyosimama. Ni yale yanayokidhi haja za watu wa leo bila ya kuwanyang'anya watu wa kesho uwezo wa kukidhi haja zao, kama ilivyofafanuliwa katika taarifa ya Tume ya Brundtland ya 1987. Kiwanda kinachomwaga sumu mtoni usiku na mchana kwa miaka thelathini kinaendelea, tena sana, lakini hakuna atakayekiita endelevu kwa maana hii ya pili.

Kiingereza kina maneno mawili kwa dhana hizi mbili, nasi tumezipa moja. Katika taaluma nyingine hasara yake ni ndogo, kwa kuwa dhana hizo hazikutani mara nyingi. Katika mafunzo ya wahandisi juu ya mazingira hukutana katika kila ukurasa. Tulimshauri mfasiri atumie "mafunzo ya kujiendeleza" kwa dhana ya kwanza, na "endelevu" aiachie dhana ya pili. Tunakiri kwamba ushauri huo una kasoro. Kwa desturi yetu, tangu enzi za elimu kwa njia ya posta, anayejiendeleza ni mtu aliyetafuta cheti cha juu zaidi kwa juhudi zake mwenyewe, hali mhandisi huyu amekuja kwa siku mbili na haondoki na cheti kipya. Hata hivyo ni afadhali neno linalopwaya kidogo kuliko neno lenye maana mbili zinazopigana katika aya moja.

Jambo la uzito zaidi linahusu jina la kazi yenyewe ambayo wahandisi hufundishwa. "Tathmini ya athari kwa mazingira" ni istilahi iliyokwisha kukubalika. Imo katika nyaraka za serikali, na wanafunzi huiandika katika mitihani. Kila neno lililomo ni sahihi. Lakini yafaa tusikilize jinsi linavyosikika nje ya ofisi.

Chukua "tathmini". Neno hili ni ndugu wa "thamani". Katika vijiji vingi ambako barabara au bomba limepita, mtu wa tathmini ni yule aliyekuja na daftari, akahesabu minazi na miembe, akapima kuta za nyumba, na baada yake wananchi wakangoja fidia. Mtaalamu mwingine akija na kusema amekuja kufanya tathmini ya mazingira, wasikilizaji wamekwisha kumwelewa kabla hajamaliza sentensi, tena wamemwelewa vibaya. Wapo watakaokwenda kupanda miche jioni ile ile.

Na "athari" je? Katika Kiarabu lilikotoka neno hili hubeba maana ya alama au nyayo iliyoachwa na kitu kilichopita, isiyo njema wala mbaya. Kiswahili chetu kimelipeleka upande mmoja. Walioathirika ni waliofikwa na mafuriko, na katika miaka ya janga la UKIMWI "mwathirika" likawa jina la mgonjwa. Hakuna anayesema kuwa kijiji kimeathirika kwa kupata maji safi.

Niliwahi kuhudhuria mkutano wa hadhara uliohusu ujenzi wa daraja. Mhandisi kijana, mwenye nia njema kabisa, alisimama na kueleza kwamba uchunguzi wao ulikuwa umeonyesha mradi una athari kumi na nne. Mzee mmoja akanyosha mkono, akasema: "Mwanangu, kama una athari kumi na nne, mnatuletea wa nini?" Watu wakacheka, naye kijana akaona haya. Katika hizo kumi na nne, tano zilikuwa njema: watoto wa ng'ambo kufika shule wakati wa masika, bei ya mazao kupanda, na kadhalika. Hakuna aliyezisikia tena. Mkutano ulikwisha kwa manung'uniko, nami nikarudi na karatasi ile ya kurasa nne nikiisoma upya ndani ya gari. Haikuwa na kosa la sarufi hata moja.

Wapo wenzetu wanaopendekeza kuitupa "athari" na kuweka "matokeo", au "taathira", neno linalosikika zaidi visiwani. Sikubaliani nao. Istilahi iliyokwisha kuingia katika kanuni haing'olewi kwa sababu ya mkutano mmoja, na kung'oa huleta vurugu nyingine mahakamani na maofisini. Dawa ni kulizoesha neno lisitembee peke yake: "athari njema" na "athari mbaya" ziandikwe waziwazi, na "madhara" litumike pale tu penye dhara la kweli. Hili ni jambo la kufundishwa, na pa kulifundishia ni darasani kwa wahandisi, maana wao ndio wasemaji wa kwanza.

Hapa yatupasa kukumbuka sharti moja la Kanuni za 2005 ambalo watu wengi hulipita haraka. Taarifa ya tathmini huambatanishwa na muhtasari usio wa kitaalamu, ulioandikwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Taarifa yenyewe huwa na mamia ya kurasa. Muhtasari ni kurasa chache, na kwa mwananchi anayeishi kando ya mradi huo ndio taarifa nzima. Akipotoshwa hapo, hana mahali pengine pa kusahihishiwa. Aghalabu muhtasari huo huandikwa mwisho kabisa, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, na mtu ambaye hakwenda kwenye eneo la mradi. Tangu 2021, sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania, uzito wa kurasa hizo umezidi.

Ugumu wake huonekana vizuri tukichukua kipimo kimoja tu cha maji. Majitaka yakiingia mtoni, vijidudu hula uozo uliomo, na katika kula huko hutumia oksijeni iliyoyeyuka majini, ile ile wanayoitegemea samaki. Uozo ukizidi, vijidudu huongezeka, oksijeni huisha, na samaki hufa ingawa hakuna sumu iliyomwagwa. Ili kujua hatari hiyo maabara huweka sampuli ya maji gizani kwa siku 5 katika nyuzi 20 za Selsiasi, kisha hupima oksijeni iliyopungua. Majitaka ghafi ya mjini huweza kufikia mamia ya miligramu kwa lita. Kikomo kilichowekwa Tanzania katika kanuni za ubora wa maji za 2007 kwa maji yanayoachiwa kuingia mtoni ni miligramu 30. Wafasiri wengi hukiita kipimo hiki "mahitaji ya oksijeni ya kibiolojia", wakifuata Kiingereza neno kwa neno. Sasa jiweke mahali pa diwani anayesoma kwamba "mahitaji ya oksijeni ya maji ya kiwanda ni miligramu 300". Atafikiri kiwanda kimepungukiwa na oksijeni na kwamba kikiletewa mambo yatakuwa sawa. Au, mbaya zaidi, atafikiri maji hayo yana oksijeni tele. Hakuna kinachomwambia kwamba namba kubwa ni habari mbaya.

Pendekezo letu ni "ulaji oksijeni", na penye haja ya ukamilifu "ulaji oksijeni wa kibiolojia wa siku 5". Kinachopimwa ni kuliwa kwa oksijeni, na kila mtu ajua kuwa mlaji mkubwa humaliza chungu. Wahandisi wa maji niliowauliza walilipokea bila ya ubishi, jambo lisilo la kawaida kwao.

Kikundi kingine cha dhana kimemezwa na kitenzi kimoja, "kukabiliana". Mhandisi hufundishwa ngazi nne kwa mpangilio maalumu: kwanza kuepa, pili kupunguza, tatu kurejesha, na mwisho kabisa kufidia. Kuihamisha barabara isipite juu ya chemchemi ni kuepa. Kuchimba mtego wa tope ili udongo wa ujenzi usiingie mtoni ni kupunguza. Kuyafukia mashimo ya kifusi baada ya lami kukamilika na kupanda miti juu yake ni kurejesha. Na yeyote aliyeishi karibu na barabara mpya anajua mashimo hayo yasipofukiwa huwa mabwawa ya mbu, na wakati mwingine makaburi ya watoto. Muhtasari ukiandika "hatua za kukabiliana na athari" kwa yote manne, mkandarasi amepewa mlango wa kutokea. Ataruka ngazi tatu na kusimama kwenye ya nne, maana kulipa ni rahisi kuliko kufukia, na hakuna aya itakayomshtaki.

Ngazi hiyo ya nne ina utata wake, kwa kuwa "fidia" masikioni mwa mwananchi ni fedha inayolipwa kwa ardhi au nyumba yake. Msitu uliofyekwa huku na kupandwa kwingine ni fidia ya namna nyingine, inayolipwa kwa mazingira na wala si kwa mtu. Kwa sasa twapendekeza "ufidiaji wa mazingira", tukijua kwamba wapo watakaouliza mazingira yana akaunti benki gani.

Katika semina moja niliyoalikwa, baada ya mihadhara, tuliwaomba washiriki waandike ukurasa mmoja wa Kiswahili juu ya mradi ambao kila mmoja alikuwa ameusimamia, wakimwandikia mwenyekiti wa kijiji. Watu waliojenga madaraja na mitambo ya kusafishia maji walikaa kimya karibu saa nzima. Mmoja alisema kwamba ndipo alipotambua kuwa neno alilolitumia miaka kumi na miwili hakujua hasa maana yake, kwa vile hakuwahi kulazimika kulieleza. Zoezi hilo lilitupatia maswali ya istilahi mengi kuliko barua za mwaka mzima. Twawashauri waandaaji wa mafunzo ya namna hii walitengee nusu siku, na wamwalike mfasiri akae chumbani humo tangu mwanzo, asiitwe baadaye kutafsiri yaliyokwisha kusemwa.

Yapo maneno yaliyofaulu. "Upembuzi yakinifu" ni mojawapo. Aliyelibuni alikwenda kwa mkulima anayepembua nafaka, akachukua kitendo chake cha kutenga kapi na punje, akakipa mhandisi. Leo mwananchi wa kawaida husikia bungeni kwamba barabara ya kwao iko katika upembuzi yakinifu, na ingawa hafurahi, ajua kwamba kazi ya kujenga haijaanza.

Limebaki swali moja ambalo hatujalipatia jibu. Kabla ya tathmini kuanza, wataalamu hukutana na wananchi na kuamua ni mambo yapi yatachunguzwa na yapi yataachwa. Wengine huita hatua hiyo "ubainishaji wa mawanda", jina ambalo mwanakijiji hulihusisha na uwanda wa malisho. Wengine huificha ndani ya "hadidu za rejea", ambazo kwa hakika ni hati inayotokana na hatua hiyo, wala si hatua yenyewe. Tumefikiria "upangaji mipaka ya uchunguzi", lakini "mipaka" kijijini huleta ugomvi wa mashamba. Wafasiri, walimu na wahandisi wenye neno linalotumika kwao kwa jambo hili tunawaomba watuandikie, pamoja na sentensi mbili tatu zinazoonyesha jinsi linavyosemwa, na mahali linaposemwa.