Somo la dini si ubatizo

Ndugu mzazi, unataka kumpeleka binti yako katika shule ya sekondari ya Kikatoliki, kama ile ya wasichana ya Ediofe, Arua? Usiogope somo la dini. Kama historia, ni somo la darasani lenye mtihani. Misa na katekisimu ni mambo mengine.

Kwa mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2020, kidato cha 1 na cha 2 husoma dini, ya Kikristo au ya Kiislamu. Historia ni lazima hadi kidato cha 4.

Kabla ya kulipa karo, muulize mwalimu mkuu: Je, dini ya Kiislamu inafundishwa hapa? Na wakati wa Misa, mtoto asiye Mkatoliki hukaa wapi?