"Serendipitous": Neno la Sarandibu si bahati tupu

Kuna neno la Kiingereza ambalo watafsiri wetu hulimaliza kwa pigo moja. Likitokea "serendipitous" kwenye habari, huandikwa "kwa bahati", au "kwa sadfa", basi, yamekwisha. Mimi hapo sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini.

Ndani ya neno hilo mna jina ambalo aliyesikiliza visa vya Mitume hapa pwani analijua: Sarandibu. Ndivyo Waarabu na Waajemi walivyokiita kisiwa cha Sri Lanka, na asili yake ni Kisanskriti, yaani kisiwa cha Wasinhala. Ziko riwaya zisemazo Nabii Adam (A.S.) aliteremshwa huko, na mlima upo wenye alama ya unyayo. Ibn Battuta, yule aliyelala usiku mmoja Mombasa mwaka 1331 akielekea Kilwa, miaka 13 baadaye aliupanda mlima huo.

Mwingereza alilipata jina hili kwa njia ya mzunguko. Mwaka 1557 kilichapishwa Venice kitabu cha Kitaliano cha safari za wana watatu wa mfalme wa Sarandibu, hadithi zenye asili ya Kiajemi. Tarehe 28 Januari 1754, mwandishi Horace Walpole akimwandikia rafiki yake Horace Mann aliyekuwa Florence, aliikumbuka hadithi hiyo na akaunda neno "serendipity". Barua zilichapishwa 1833, Walpole keshakufa zamani. Kivumishi chenyewe, "serendipitous", ni cha karne ya 20.

Hadithi ndiyo yenye utamu. Wale vijana walikutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Wakamuuliza: ni chongo? Ana pengo la jino? Anachechemea? Upande mmoja amebeba siagi, wa pili asali? Mwenye ngamia akaona hawa ndio wezi, wakatiwa ndani. Kumbe ngamia hawajamwona kamwe. Waliona majani yameliwa upande mmoja wa njia tu, hali upande wa pili yalikuwa mazuri zaidi. Waliona vitonge vya majani vilivyodondoka, ukubwa wa jino. Mguu mmoja ulikuwa umeburutwa mchangani. Na sisimizi walijaa upande huu wakifuata siagi, nzi upande ule wakifuata asali.

Aliyesoma tarehe ya Waarabu atasema kisa hiki si kigeni kwake. Tabari amewataja wana wa Nizar, mmoja wao Mudhar ambaye Mtume (S.A.W.) ni katika kizazi chake, walivyomweleza ngamia aliyepotea bila ya kumwona. Wao walijua hata kuwa hana mkia, kwa sababu kinyesi chake kilikaa fungu moja. (Mwenye mkia hukitawanya.)

Sasa tazama maana aliyoitoa Walpole. Alitaka mambo mawili kwa pamoja: kitu kitokee bila ya kutafutwa, na anayekikuta awe na busara ya kukitambua. Ukitafuta pete ukaipata, hiyo siyo. Ukishinda bahati nasibu, hiyo pia siyo, kwani busara haikufanya kazi yoyote. Mwaka 1928 Alexander Fleming alikuta kuvu imeingia kwenye kisahani chake cha bakteria mjini London. Mwingine angekiosha. Yeye aliona bakteria waliozunguka kuvu ile wamekufa, na penisilini ikaanzia hapo. Tukiandika "aliigundua kwa bahati" tumemnyang'anya nusu ya kazi yake.

Na hatuwafanyii hivyo wageni peke yao. Nahodha anakwenda zake kutega nguru, kwa mbali anaona ndege wanapiga mbizi, anageuza tanga, anarudi na jodari chombo kizima. Pwani nzima: "Ana ngekewa yule!" Ndege wale wangapi waliwaona siku hiyo?

Ndiyo maana "bahati", "sudi", "ngekewa" na "sadfa" hazinitoshi, kwa kuwa zote zinamwacha mtu amekaa tu. Mimi hutumia vitenzi: alikuta asichokitafuta, akakitambua. Ni kirefu, najua, na kichwa cha habari hakina nafasi hiyo. Lakini Kiamu, Kipate na Kitikuu vina hazina isiyoingia kamusi. Mwenye neno moja linalobeba yote mawili na alilete tulitumie.