Wazimu: Mzaha Sokoni, Msiba Nyumbani

Simama kitambo katika soko la mahindi la Kibaigwa, wilayani Kongwa. Mnunuzi akitaja bei ya chini, mkulima humwuliza, "Una wazimu?" Hakusudii ugonjwa, anakataa bei tu. Mwenye hasira kali husemwa amepandwa na wazimu; mshabiki wa kandanda ni kichaa wa mpira; na vijana wa mjini huwaita marafiki zao "machizi". Hayati Ali Hassan Mwinyi, Rais wa Awamu ya Pili, aliifananisha hata timu yetu ya taifa na kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila mtu hujifunzia kunyoa.

Lakini neno hili lina upande mchungu. Shina lake ni lile lile la mzimu. Ndiyo maana wengi huuona ugonjwa huu kuwa kazi ya pepo. Na Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma tangu enzi ya Mwingereza, jina lake limegeuzwa tusi: "Huyu apelekwe Mirembe!" Hivyo jamaa za mgonjwa huona haya kumpeleka huko, wakamfungia ndani.

Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Afya ya Akili. Hata hivyo, sheria haiwezi kututawala ndimi tunapozungumza na watoto wetu nyumbani. Tutaniane, ndiyo, bali mbele ya mgonjwa tuseme "anaumwa", kama tumsemavyo mwenye malaria, kisha tumfikishe hospitali.