Mguu Usiotii: Kiharusi na Ufundi wa Kutembea

Mtu aliyepatwa na kiharusi mara nyingi hujulikana kwa mwendo wake. Mguu mmoja umekakamaa, ncha ya wayo imeelekea chini, naye, ili asijikwae, huuzungusha mguu huo kwa nje hata ukachora nusu duara ardhini. Watoto humwiga. Jamaa zake humhimiza, "Jikaze, nyanyua mguu!" Makala haya yataeleza kwa nini himizo hilo halimfai.

Mguu wenyewe hauna ugonjwa. Mifupa ni mizima, misuli ni mizima, na neva zitokazo katika uti wa mgongo ni nzima pia. Kilichodhurika ni ubongo, ama kwa kuwa mshipa wa damu umezibwa na bonge la damu, ama kwa kuwa umepasuka. Nyuzi zinazopeleka amri za mwendo huanzia katika gamba la ubongo, na nyingi kati yake huvuka kwenda upande wa pili pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Kupishana huko kulielezwa na Mwitalia Domenico Mistichelli mwaka 1709, na Mfaransa François Pourfour du Petit mwaka 1710. Ndiyo sababu dhara la kushoto mwa ubongo hupooza mguu wa kulia.

Sasa tutazame hatua moja. Mguu unapopelekwa mbele, nyonga hukunjwa, goti hukunjwa, na wayo huinuliwa. Kisha goti hunyooka wakati wayo ungali umeinuliwa. Kila msuli hungoja zamu yake. Mwaka 1951 Twitchell, daktari wa Marekani, alichapisha uchunguzi wake juu ya wagonjwa 121 waliopooza upande mmoja. Aliona kwamba mwendo unaporudi huja kwanza kwa mafungu: viungo vyote hukunjwa pamoja, au vyote hunyooka pamoja. Mgonjwa akinyoosha goti, wayo nao husukumwa chini, apende asipende. Akijikaza zaidi, mara nyingi ukakamavu ndio unaozidi. Huo si uvivu.

Kuna kiharusi cha namna nyingine, kinachopata ubongo mdogo ulio kisogoni. Hapa nguvu huwapo, lakini kipimo hakipo. Gordon Holmes, aliyewatibu askari wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, alieleza mwaka 1917 jinsi majeraha ya sehemu hiyo yanavyoharibu mwendo wa viungo vya upande ule ule, bila kuvuka. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi kipimo cha madaktari: mtu alale chali, aweke kisigino juu ya goti la mguu wa pili, akiteremshe polepole juu ya muundi. Mwenye afya hufuata mstari. Mgonjwa huyumba kando kando. Mtu wa namna hii akipepesuka ghafla njiani hudhaniwa mlevi, akaachwa alale, na saa za kumwokoa zikapita.

Jambo hili si geni kwetu. Uchunguzi wa wilaya ya Hai na jiji la Dar es Salaam, kati ya 2003 na 2006, ulihesabu viharusi vipya 636.

Dawa ya mguu ni mazoezi ya kurudiarudia, yenye kiasi. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya jaribio la nchi tano lenye wagonjwa 2,104: walioanzishiwa mazoezi mengi na ya mara kwa mara ndani ya saa 24 za kwanza hawakupata nafuu kuliko wenzao, walipungukiwa kidogo. Hata hivyo, kumlaza mtu miezi chumbani ni kosa kubwa zaidi.

Yako pia mambo madogo ambayo jamaa huyakosea. Fimbo hushikwa kwa mkono mzima, si upande uliopooza. Katika kupanda ngazi mguu mzima hutangulia, kwani ndio wenye nguvu ya kuinua mwili. Katika kushuka hutangulia mguu mgonjwa, ili ule mzima ubaki juu ukiushusha mwili taratibu.